Risala ya kikundi cha wanawake wa Itezi kwa mgeni rasmi: ramani ya Jiji ifike mtaani

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Mtaa, viongozi wa dini, wazee wetu, shikamooni, wanakikundi wenzangu na wageni wote waalikwa.

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha, nawe kwa kuacha shughuli nyingi ukaja kukaa nasi. Kikundi chetu ni cha kuweka na kukopa. Wengi wetu tunauza mboga na viazi Uyole na Mwanjelwa, wengine ni mama lishe. Taarifa ya hisa na mikopo tumekukabidhi kwa maandishi, kwa hiyo hatutaisoma hapa. Leo tuna ombi moja kubwa. Jiji la Mbeya linahuisha Mpango Kabambe wa matumizi ya ardhi, nasi tunaomba rasimu yake tuione na tuizungumze kabla haijapitishwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya; ya 2022 ikahesabu 541,603. Watu wote hawa nafasi yao ni finyu. Kaskazini tumezuiwa na Loleza na milima wenzake, bondeni imepita barabara kuu ya Tunduma pamoja na reli ya TAZARA, basi mji umerefuka tu kufuata lami, kutoka Uyole hadi Iwambi. Anayekosa kiwanja bondeni anapanda mlimani, anajenga, mpima anamkuta ameshahamia. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka Mlima Kawetere likafunika nyumba hapa hapa Itezi. Makatazo ya mdomo hayatoshi. Mpango uonyeshe wazi miteremko ya hatari, na papo hapo utenge viwanja ambavyo muuza mboga anaweza kuvilipia kidogo kidogo.

Mwaka jana tulifiwa na mwenzetu. Gari lililoleta mwili liliishia barabarani. Vijana wakalibeba jeneza kwa zamu katikati ya kuta mbili, na kwenye kona ya mwisho ikabidi walinyanyue juu ya ukuta wa jirani, wengine walipokee upande wa pili. Mama mzazi wa marehemu alikuwa amesimama pale pale, akishuhudia. Hatutaki kumzika mwingine hivyo. Tena siku nyumba ikishika moto, gari la zimamoto litapita wapi?

Dawa ya njia finyu hizi tumeiona kwenye urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango. Pale majirani walipoitwa kikaoni wakaonyeshwa mchoro, kila mmoja alikubali kumega kipande cha eneo lake ili njia ipite, na hakuna aliyekwenda mahakamani. Pale bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, zilipopandwa bila kikao, zimeng'olewa usiku. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 yenyewe inataka wadau washirikishwe na rasimu iwekwe hadharani ili wananchi watoe maoni na pingamizi. Lakini tangazo la kwenye ubao wa ofisi za Jiji halimfikii mama anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi giza limeshaingia. Ramani ibandikwe ofisi ya mtaa, na afisa mipango miji aje Jumapili baada ya ibada atueleze kila rangi ina maana gani. Wapangaji nao waitwe, maana barabara na shule ni zao pia.

Kuna jambo la bustani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, nasi hatuipingi, mito yetu inachafuka kweli. Ila mchicha na chainizi zinazoliwa mjini humu nyingi zinalimwa mabondeni. Mpango ukituondoa huko, ututengee mahali pa kulima ndani ya Jiji, pawe na maji. Tunaomba pia maeneo ya wazi yaandikwe na kulindwa. Watoto wanacheza mpira kando ya malori.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ukumbi huu tutautoa bure, na kuwaita watu nyumba kwa nyumba tutakwenda wenyewe. Kilichobaki ni tarehe. Tunakuomba utusaidie kuipata kutoka ofisi ya Mkurugenzi wa Jiji kabla mvua hazijaanza.

Naomba kuwasilisha.
Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.