Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupanda Mikoko

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Masheha na wazee wa vijiji vinavyopakana na msitu,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum.

Kwa heshima na taadhima, tunakukaribisha skulini kwetu na tunakushukuru kwa kukubali kuingia matopeni pamoja nasi asubuhi hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773, yaani zaidi ya 700 kwa kila kilomita ya mraba. Ndani ya msongamano huo imo Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, yenye kilomita za mraba zipatazo 50, iliyotangazwa mwaka 2004. Kwetu hakuna msitu usio na jirani. Ukimaliza mitondoo unaingia shambani kwa mtu, na ukimaliza shamba unakuta maweni, kwenye vichaka vya ardhi ya mawe, wanakokatwa kuni.

Wageni huja kumtazama kima punju, yule kima mwekundu, ambaye asili yake ni Unguja tu, dunia nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa wapo zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Tulifurahi sana. Lakini kima hawa hawaujui mpaka wa hifadhi, na makundi mengi yanaishi kwenye mashamba ya wazee wetu. Hula majani machanga ya miembe na miti ya mikungu, kisha hushuka kwenye tanuri la mkaa lililozimika, akaokota kila mmoja kipande chake na kukitafuna. Watafiti wameeleza kwamba mkaa huo hunyonya sumu iliyomo kwenye majani. Wageni hulipa kuona jambo hili, nalo hutokea pembeni mwa jiko la mtu.

Ugomvi mkubwa umekuwa kwenye minazi, maana kima hula vidaka, yaani nazi changa kabisa. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapa hapa Jozani, ukaonesha kuwa minazi inayoliwa zaidi vidaka haikupungukiwa na mavuno. Mnazi huangusha vidaka vingi wenyewe, na vinavyosalia hunenepa. Habari hii ilistahili kusomwa kila kijiji. Hata hivyo, kwa mazao mengine hasara ipo, na mkulima anayeibeba anawalisha wanyama wanaoitangaza nchi nzima. Sisi tunaamini yeye ndiye mhifadhi wa kwanza, kabla ya yeyote mwenye sare.

Ndiyo maana ombi letu kuu ni hili: fungu la mapato ya utalii linalorudi vijijini lisomwe hadharani, kwenye mkutano wa shehia, kiasi kilichoingia na kilikokwenda, mkulima akisikia kwa masikio yake. Mzazi anayeona darasa, bomba la maji au fidia ya mazao yake imetokana na msitu hatampeleka mwanawe kukata boriti za mikoko usiku.

Kuni nazo tusizisahau. Huwezi kumwambia mama asiingie maweni bila ya kumwonesha atapikia nini. Tunaomba miche ya mivinje na miti mingine ya kuni, ipandwe nje ya hifadhi, na klabu yetu iko tayari kuitunza kitaluni.

Barabara inayopita kando ya msitu iliwekewa matuta baada ya kima wengi kugongwa na magari, na vifo vikapungua. Tunaomba matuta hayo yatunzwe, na yaongezwe kila kima wanapovuka. Waongozaji watalii pia wasaidiwe kuwazuia wageni wanaosogea hadi kumgusa mnyama kwa ajili ya picha, kwani mafua ya binadamu yanaweza kumuua.

Mwisho, Mheshimiwa, tunamwombea paa nunga, swala mdogo wa msituni. Huyu haonekani ovyo na hapigwi picha, kwa hiyo husahaulika, ilhali wamebaki wachache kutokana na uwindaji wa kutumia mbwa na kufyekwa kwa vichaka. Wanafunzi wengi hapa hawajawahi kumwona. Tunaomba skuli zinazopakana na msitu ziruhusiwe kuingia hifadhini bila malipo angalau mara moja kwa muhula, pamoja na askari wa hifadhi wa kutufundisha nyayo zake.

Miche iko tayari ufukweni na maji yanakupwa. Tunaomba kuwasilisha.