Rasimu ya wosia wako, kabla hujasaini

Mwanangu,

Rasimu yako imeandikwa vizuri, lakini tatizo kubwa liko nje ya karatasi hiyo. Wosia hautawali kila ulichonacho. Bima ya maisha na mafao ya uzeeni kwa kawaida hulipwa kwa yule uliyemwandika kwenye fomu ya mnufaika, hata wosia ukisema vingine. Nyumba au akaunti ya pamoja nayo, kutegemea ilivyoandikishwa, yaweza kumwendea mwenzako moja kwa moja. Ndivyo mafao yanavyoishia kwa mtalaka: fomu ilijazwa wiki ya kwanza ya kazi, haikuguswa tena. Omba nakala za fomu zote, usitegemee kumbukumbu. Kagua majina, asilimia (jumla iwe 100) na mnufaika wa pili, endapo wa kwanza atatangulia. Mtoto mdogo usimwandike peke yake. Fedha zaweza kukwama hadi apatikane wa kumshikia kisheria.

Sasa wosia wenyewe. Mdogo wako umemwachia kiwanja, kisha umemweka shahidi. Sheria za nchi nyingi humnyima shahidi alichoachiwa, hata kama wosia unabaki halali. Tafuta watu wazima wawili wasiorithi chochote, wala wenzi wao. Wawepo pamoja, wakuone ukisaini, nao wasaini mbele yako. Na hicho "kiwanja changu" ni kipi? Andika namba iliyo kwenye hati.

Umegawa fedha kwa kutaja kiasi kamili cha kila mmoja. Madeni, kodi na gharama za mazishi hulipwa kwanza, kwa hiyo akaunti ikiwa imepungua, mgao wako hautatimia. Tumia asilimia. Ongeza pia kifungu cha mabaki, kinachotaja nani apate kila kisichotajwa. Bila hicho, mali utakayoipata baadaye itagawanywa kana kwamba hukuandika wosia. Kama kuna sheria ya dini au ya nchi inayokubana kwa mafungu ya lazima kwa warithi fulani, mwanasheria aanzie hapo.

Msimamizi wa mirathi muulize kabla hujamtaja, na uweke mbadala. Kuwa mzaliwa wa kwanza si sifa. Anayetunza risiti na kujibu barua ndiye anayefaa.

Ukishasaini, usifute wala kuongeza neno kwa kalamu. Andika wosia mpya unaofuta wa zamani. Ukioa, pitia upya, kwani kwingine ndoa hubatilisha wosia uliotangulia. Pini za karatasi usizing'oe hata kwa kutoa nakala: matundu ya ziada huzua swali kama kuna ukurasa uliobadilishwa. Nakala halisi usiifungie kwenye sanduku la benki lenye jina lako pekee. Benki yaweza kumtaka msimamizi alete idhini ya mahakama, na mahakama itamtaka alete wosia ulio ndani ya sanduku. Nywila ziweke kwenye karatasi nyingine, maana wosia ukishafika mahakamani, mara nyingi hata wasiohusika wanaweza kuusoma.

Nirudishie rasimu ukishairekebisha.

Mama