Fomu za lumbesa: barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Serikali Mtandao

Nkuhungu, Dodoma

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam kutoka Nkuhungu. Nina steshenari hapa: kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, printa, na benchi la wateja lililoegemea ukuta. Nakuandikia kwa sababu ya kitu kilichomo kwenye droo yangu, kaunta buku la kwaya tatu ambalo halikupaswa kuwepo. Nimeandika humo majina ya wateja, barua pepe zao, namba zao za NIDA na maneno yao ya siri. Wenyewe ndio walioniomba. Wengi wao hawajawahi kuifungua barua pepe hiyo hata siku moja. Niliwafungulia mimi ili mfumo ukubali kuendelea.

Sijalitumia vibaya daftari hili. Lakini nina kijana wa kunisaidia, nina watu wanaoingia na kutoka kutwa nzima, na siku nikifunga duka sijui litaishia mikononi mwa nani.

Nikueleze linavyojaa. Bibi mmoja alipanda gari alfajiri kutoka Mvumi kuja kumwombea mjukuu wake nafasi ya mafunzo kwenye mfumo wa taasisi ambayo sitaitaja. Mkononi ana kitochi na karatasi zake kwenye mfuko wa nailoni. Mfumo ukataka barua pepe, nikamtengenezea. Ukataka neno la siri lenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Bibi akaniuliza, "Hilo si utanitunzia wewe, mwanangu?" Nikafungua daftari.

Tukafika kwenye kisanduku cha jina la baba wa mjukuu. Bibi akanyamaza. Nikakiacha wazi, mfumo ukakataa kwa maandishi mekundu ya Kiingereza. Nikaweka kistari, ukakataa. Ikabidi nimuulize tena, watu watano wakiwa kwenye benchi wanasubiri fotokopi, naye akanijibu kwa sauti ya chini ambayo wote waliisikia kwamba baba hajulikani. Kisha akainamia mfuko wake. Mwishowe niliandika jina la marehemu babu ili tuvuke. Kwa hiyo taasisi imepata uongo, na jambo ambalo bibi huyu alilistiri kwa miaka kumi na minane limetoka mbele ya watu asiowajua.

Hakuna mwizi wa mtandao aliyehusika hapo, Ndugu Mkurugenzi. Ilitosha kisanduku kimoja kilicholazimishwa bila sababu. Tunapozungumzia faragha ya kidijitali huwa tunawaza wadukuzi wa mbali, na kiolesura, yaani kurasa na visanduku ambavyo mtu anaviona na kuvijaza, tunakiona ni urembo, suala la rangi na picha. Kwa nilivyoona dukani, kiolesura kibovu ndicho kinachovujisha siri za watu wengi zaidi. Mtu asipoweza kujaza fomu mwenyewe, kwa lugha yake na kwa simu aliyonayo, atampa mtu mwingine siri zake ajaze. Huyo mtu mwingine ni mimi.

Wakulima wanaopeleka mahindi kwenye soko la Kibaigwa wanaijua lumbesa: gunia likishajaa, linaongezewa nundu juu ya mdomo na kushonwa kwa kamba, halafu linahesabiwa gunia moja. Serikali imeipiga marufuku kwa sababu inamnyonya mkulima. Fomu nyingi ninazojaza ni lumbesa. Mtu ameomba kitu kimoja, anaulizwa hali ya ndoa, jina la mwenza, simu ya jirani, namba ya akaunti ya benki, na vyote ni vya lazima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linaloeleweka na zisizidi kinachohitajika kwa lengo hilo. Tume ya kuisimamia ipo, hapa hapa Dodoma. Ninachokiomba kwako kinakuja kabla ya kesi na faini: mfumo usiruhusiwe kwenda hewani mpaka kila kisanduku cha lazima kiwe na sababu iliyoandikwa.

Na mnajua kutengeneza kitu chepesi. Menyu ya huduma za serikali ya *152*00# inafanya kazi kwenye kitochi, bila bando, na swali moja linakuja baada ya jingine. Wateja wangu wanaibonyeza wenyewe nje ya duka bila kuniuliza chochote, nami sihitaji kujua walichokitafuta. Hicho ndicho kiolesura kinacholinda siri.

Jambo la pili ndilo zito zaidi, nalo naliomba kwa moyo wote: mifumo inayotengenezwa kwa kodi zetu iwe programu huria. Msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa na watengenezaji ili mfumo ufanye kazi, uwekwe mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuusoma, kuonyesha kosa na kupendekeza marekebisho, nanyi mkabaki na uamuzi wa kipi kiingizwe. Kulegeza kisanduku kile cha jina la baba ni kazi ya mstari mmoja au miwili. Nilipiga simu kwenye namba ya msaada, nikaambiwa suala litafikishwa kwa wataalamu. Umepita msimu mzima wa zabibu.

Kila mwaka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wananiletea miradi yao ya mwisho niichape na kuifunga spiro. Huwa naisoma mashine ikiendelea kuchapa. Mfumo wa hosteli ya kufikirika, mfumo wa hospitali ya kufikirika, mfumo wa maktaba ambayo haipo. Kazi nzuri, michoro imepangwa, kisha inaishia kwenye rafu ya idara. Vijana hawa wanaishi mwendo wa daladala moja kutoka kwenye ofisi zenu na hawana hata mfumo mmoja halisi wa nchi yao wanaoweza kuufungua wakauona ndani. Fungua mmoja tu, uone watakachokifanya.

Hili si geni kwetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo. Hawakulazimika kumsubiri mwenye kampuni aone kama Kiswahili kina soko, kwa sababu programu ilikuwa huria. Sekta yetu ya afya nayo inakusanya takwimu kwa DHIS2, programu huria ambayo mtangulizi wake, DHIS, alianzia Afrika Kusini miaka ya 1990, nayo ikalelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, nao Watanzania wamekuwa miongoni mwa wanaoijenga. Kwa hiyo serikali tayari inakula matunda ya programu huria. Naomba na sisi tupande.

Najua nitajibiwa kwamba kuanika msimbo ni kuwaonyesha wezi njia. Hoja hiyo naiheshimu. Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kuwa kuingia kwenye seva kunachelewa karibu nusu sekunde. Akafuatilia nusu sekunde hiyo hadi akakuta mlango wa siri umepachikwa ndani ya xz, programu huria ya kubana mafaili inayotumika kwenye kompyuta nyingi zinazoendeshwa kwa Linux, ambayo nayo ni huria. Kweli, uhuria haukumzuia mhalifu kuingia. Alijipenyeza kwa subira mpaka akaaminiwa. Lakini Freund hakuwa mwajiriwa wa mradi ule, wala hakuomba kibali cha mtu kuchungulia. Kwenye mfumo uliofungwa angebaki na kero ya kuchelewa tu, kama mimi na namba yangu ya msaada. Tena, kufungua msimbo si kufungua taarifa za watu. Sokoni mizani huwekwa mahali ambapo kila mtu anaiona, na hakuna anayedhani kwa hilo gunia lake limeshakuwa la wote.

Msianze na yote. Chagueni mfumo mmoja mdogo, muuweke wazi, na mtu mmoja mwenye jina apewe kazi ya kujibu wanaoleta marekebisho, maana msimbo usio na wa kuujibia hautamsaidia mtu. Na kabla ya kuuzindua, mtume wabunifu wenu wakae siku mbili kwenye benchi langu. Watakaribishwa.

Bibi wa Mvumi alinipigia juzi kuulizia neno lake la siri. Nilitoka nje ya duka, nikasimama kwenye vumbi, nikaanza kumsomea herufi moja moja. Alikuwa ametumia simu ya jirani, imewekwa spika, na kila herufi niliyoitaja aliirudia kwa sauti ili jirani aiandike.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye steshenari, Nkuhungu