Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Walimu Wanachama

Ndugu Wanachama,

Mkutano wetu uliopita uliazimia kwamba vikao vya mwaka huu vimhusu mchoraji mmoja tu, naye awe mwalimu. Kamati ilimchagua Alma Thomas wa Marekani, na mahudhurio yenu yameonyesha kwamba haikukosea.

Thomas alizaliwa Columbus, Georgia, mwaka 1891, na familia yake ikahamia Washington mwaka 1907. Mwaka 1924 alikuwa mhitimu wa kwanza wa idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Howard, kisha akafundisha shuleni Shaw, mjini humo humo, kwa miaka 35. Alistaafu mwaka 1960, na kazi zilizomjengea jina zikafuata baada ya hapo.

Howard ilipotaka kuonyesha kazi zake mwaka 1966, hakuridhika kurudia aliyokwisha kuchora. Aliutazama mti wa holi kupitia dirisha la nyumba yake, jinsi mwanga ulivyopenya kati ya majani, akaugeuza kuwa alama fupi za brashi zilizopangwa kwa mistari au kwa duara ndani ya duara, huku weupe wa turubai ukiachwa uchungulie katikati. Tulipozitazama nakala kwa karibu, baadhi yenu mliona mistari ya penseli ikiwa bado chini ya rangi, kama kwenye ubao wa mwalimu aliyejiandaa. Mwaka 1972, akiwa na miaka 80 na baridi yabisi mikononi, alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kupewa maonyesho ya peke yake katika jumba la Whitney, New York.

Wapo waliosema darasa lilimchelewesha. Ni kweli lilimnyima muda, na sote tunaijua jioni ya mwalimu mwenye rundo la madaftari. Lakini katika miaka ya 1950, akiwa bado kazini, alirudi kukaa kama mwanafunzi katika American University, na bila miaka hiyo sioni jinsi ambavyo mkono wake ungekuwa tayari alipostaafu.

Kwa hiyo kamati inaomba ridhaa yenu kwamba chumba chetu cha vikao kiwe wazi kila Jumamosi kwa wanachama wanaotaka kuchora kazi zao wenyewe, si za kufundishia, na kwamba wastaafu wasitozwe ada. Ufunguo utakaa kwa mweka hazina.