Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wanafunzi Tunao, Wakufunzi Ndio Haba

Ndugu wanachama,

Habari za fedha mtazisikia kwa mweka hazina, na za kiwanja kwa katibu. Mimi nitakaa kwenye jambo moja lililotusumbua mwaka mzima: nani anaruhusiwa kufundisha urubani wa maikrolaiti, yaani ndege ndogo nyepesi sana, na kwa nini wanafunzi wetu wanangoja.

Kanuni ya leseni hapa Uingereza si ngumu. Leseni ya taifa ya rubani binafsi, iliyoanza 2002, inamtaka mwanafunzi wa maikrolaiti awe ameruka si chini ya saa 25, na 10 kati ya hizo awe peke yake. Hicho ni kima cha chini tu, kwa hiyo aliyefika saa 40 asione haya.

Tunapokwama ni kwenye hizo 10. Mkufunzi msaidizi, ambaye ndiye tunayempata siku nyingi, hufundisha chini ya uangalizi wa mkufunzi kamili. Hana mamlaka ya kumruhusu mwanafunzi aruke peke yake kwa mara ya kwanza, wala aende safari yake ya kwanza ya mbali akiwa peke yake. Basi asubuhi hewa imetulia, mwanafunzi yuko tayari, msaidizi naye anaona hivyo, ila mwenye mamlaka hayupo. Anapopatikana Jumamosi, upepo umeshachafuka.

Nimesikia manung'uniko kwamba huu ni urasimu mtupu. Sikubaliani. Kumfundisha mtu kukata kona ni kazi moja. Kumtazama usoni na kuamua kwamba leo atapaa na kutua salama bila wewe ni kazi nyingine kabisa. Dawa si kulegeza kanuni. Dawa ni wasaidizi wetu kukusanya uzoefu na kufanya mtihani wa kuondolewa kizuizi hicho, wawe wakufunzi kamili. Hapo uongozi, nikiwemo mimi, ulizembea: tuliwaachia wagharamie na kuhangaika wenyewe.

Jambo la pili ni wanaohama kutoka ndege ya bawa laini, inayoongozwa kwa kusogeza bawa lenyewe, kwenda ya usukani wa kawaida, au kinyume chake. Leseni ni ileile, lakini lazima upate mafunzo ya tofauti na mkufunzi aweke saini kwenye daftari lako la safari. Msifanye mzaha na hili. Kwenye bawa laini, ukivuta kifuani fimbo ya kuongozea bawa pua inashuka na mwendo unaongezeka. Kwenye usukani, ukivuta pua inapanda. Ardhini pia miguu inakudanganya: kwenye bawa laini ukisukuma mguu wa kulia gurudumu la mbele linaelekea kushoto. Rubani wa miaka mingi ndiye wa kuogopwa zaidi hapa, maana mikono yake hutenda kabla hajafikiri.

Tangu 2021 uzito wa juu wa maikrolaiti ya viti viwili umepanda kutoka kilo 450 hadi 600. Wengine mmeshaanza kuzitolea macho ndege hizo mpya. Ni nzito zaidi na nyingi zina mwendo mkali, kwa hiyo ombi langu ni kwamba hata mwenye leseni safi aruke kwanza na mkufunzi anayeifahamu ndege hiyo.

Kuhusu uhai wa idhini: leseni haifi, lakini idhini ya kurusha maikrolaiti hudumu miezi 24, na kuihuisha kwa uzoefu kunahitaji saa 12 za kuruka ndani ya muda huo, mbali na masharti mengine. Msingoje mwezi wa mwisho, kwani mnamgombania mkufunzi yuleyule anayesubiriwa na wanafunzi.

Kamati inaomba ridhaa yenu leo ichangie sehemu ya gharama za mtihani kwa wasaidizi watakaokubali kufundisha hapa chamani baada ya kufaulu. Hoja iko kwenye ajenda, nasi tutaipigia kura mara baada ya taarifa ya mweka hazina. Wanaotaka kuanza kozi ya ukufunzi wamwone katibu kabla ya kuondoka, na waje na madaftari yao ya safari.