Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Bustani za Mboga za Mwambao, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi ya chama mhazini atayasoma baada yangu, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu. Kwa hiyo naomba nafasi yangu niitumie kwa jambo moja tu, nalo ni iwapo bustani zetu za kando ya Ziwa Tanganyika zitaweza kutulisha na kutusomeshea watoto kwa miaka kumi ijayo.

Mvua zilizoanza mwishoni mwa 2023 ziliinua maji ya ziwa mpaka yakafika kilele mwezi Mei, na matuta mengi ya lengalenga, matembele na bamia yaliyokuwa karibu na ufuko yakazama. Hali kama hiyo tuliiona 2020 na 2021. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, yaani Mto Lukuga upande wa Kongo, na maji yake mengi huondoka kwa kugeuka mvuke. Ndiyo maana mvua zikizidi kwa misimu kadhaa mfululizo, maji hayarudi nyuma upesi. Mwanachama anayesia mbegu kwenye mchanga ulioachwa wazi na maji mwezi Septemba avune kabla ya masika, na asiweke hapo mtaji asioweza kuupoteza.

Kisha uvuvi ukafungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na jamaa zetu wengi waliozoea dagaa na migebuka wakaja kutafuta vipande vya kulima. Hatuwezi kuwalaumu, kwani mtu mwenye familia hawezi kukaa miezi mitatu akitazama maji. Lakini kodi za mashamba zilipanda, na hapo ndipo udhaifu wetu mkubwa ulipojitokeza.

Wengi wetu tunalima ardhi ya kukodi, tena kwa msimu mmoja mmoja, kwa maneno ya mdomo. Mkulima asiyejua kama mwakani atakuwa hapo hawezi kubeba samadi kutoka mabandani, kuozesha mboji wala kupanda majani ya kuzuia udongo kwenye mteremko, kwa sababu atakayefaidi ni mwingine. Atanunua urea, atavuna, ataondoka. Nao mchanga wetu haushiki kitu: umwagilie kwa keni mara mbili kwa siku, mbolea inapita kama maji kwenye chujio. Pale ambapo wanachama wachache wenye mashamba yao wamechanganya samadi na majani yaliyooza kwa miaka kadhaa, ukichota udongo kiganjani na kuufinya unashikana, na mboga inastahimili jua la mchana bila kunyauka. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho mpakani mwa shamba na shamba.

Kuhusu viuatilifu, nitasema kwa ufupi ingawa jambo lenyewe si dogo. Kantangaze, mdudu aliyegunduliwa nchini mwaka 2014, bado ndiye anayetutia hasara kwenye nyanya. Jani lina michirizi myeupe, tunda lina kitundu karibu na kikonyo, na mnunuzi wa soko la Mwanga hapa Kigoma analitupa pembeni bila maelezo. Woga huo umewafanya baadhi yetu kupulizia dawa kila baada ya siku chache, mara nyingine kwa kuchanganya mbili tatu, na kuosha bomba la kupulizia ziwani. Ziwa hili maji yake huchukua mamia ya miaka kubadilika, na maji ya bomba ya mji wetu yanavutwa humohumo. Kuosha mabomba ziwani kukome. Mitego ya kunasia nondo, yaani wale vipepeo wa usiku wanaotaga mayai ya kantangaze, na kuteketeza mabaki ya nyanya baada ya mavuno vinapunguza mdudu huyo kuliko wengi wanavyoamini.

Ndugu wanachama, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 kutoka ufukweni shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mazingira ya mwambao. Nimesikia manung'uniko, na nayaelewa, ila baada ya mafuriko haya sioni faida ya kugombania ukanda ambao ziwa lenyewe linautwaa. Busara ni kupanda juu zaidi na kuyafuata maji kwa pampu. Hilo lina gharama zake: mafuta, au sola kwa watakaoweza kuchangishana, pamoja na kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, kwa mujibu wa sheria ya rasilimali za maji ya 2009. Hakuna atakayefunga mabomba ya maji kwenye shamba analoweza kufukuzwa Desemba.

Kwa sababu hiyo, kamati inaleta mbele yenu pendekezo moja: kuanzia msimu ujao chama kiingie mikataba ya maandishi na wenye mashamba, kwa niaba ya vikundi vya wanachama, kwa kipindi kisichopungua miaka mitano, ikishuhudiwa na serikali ya mtaa, na kila mkataba utaje ni nani atakayelipwa fidia ya samadi na miti iwapo utavunjwa kabla ya muda. Rasimu iko kwa katibu. Naomba isomwe kifungu kwa kifungu, wanachama waijadili, kisha tupige kura.