Darasa moja kwa daktari, muuguzi na mfamasia: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Mheshimiwa, mimi ni muuguzi wa huduma shufaa, yaani ya kuwapunguzia maumivu na mateso wenye maradhi mazito, katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Nakuandikia kwa ombi moja: mafunzo kazini kuhusu dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, yaani morfini, pethidini, kodeini na tramadoli, yatolewe kwa madaktari, matabibu, wauguzi na wafamasia wakiwa pamoja, na pointi zake za kujiendeleza kitaaluma zitambuliwe na mabaraza yao yote.

Kwa sasa kila kada inajisomea kivyake. Baraza la Madaktari Tanganyika lina pointi zake, Baraza la Uuguzi na Ukunga lina zake, na Baraza la Famasi vilevile. Kwa mambo mengi utaratibu huo hauna ubaya. Kwa morfini hautoshi, kwa sababu dozi moja hupita mikononi mwa watu watatu kabla ya kumfikia mgonjwa, na hatari iko pale wanapopokezana.

Chukua morfini ya maji. Daktari ameandika kwenye cheti cha dawa "ml 5 kila baada ya saa nne", basi. Nguvu ya dawa hakuitaja. Kama chupa ina miligramu 1 kwa kila mililita, mgonjwa atapata miligramu 5, dozi ya kawaida ya kumwanzishia mtu mzima. Kama ina miligramu 10 kwa mililita, atapata 50. Mfamasia aliyefundishwa atampigia daktari simu. Asiyefundishwa ama atatoa tu, ama kwa woga atasema dawa imeisha. Muuguzi naye anatakiwa ajue kuhesabu pumzi, ajue kwamba figo zikichoka dawa hurundikana mwilini, kwamba kuichanganya na diazepamu, dawa ya kutuliza, kunaweza kuzima pumzi, na kwamba naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidishiwa morfini, inakaa kabati gani. Tena dawa ya kulainisha choo ianze pamoja na morfini siku ile ile. Ikisahauliwa, mgonjwa hufunga choo siku nyingi, anaichukia morfini, anaiacha mwenyewe na kurudi kwenye maumivu. Wodini naliona hili mara nyingi zaidi kuliko mtu kuzidishiwa dozi, na ndilo linaloniuma zaidi kwa kuwa kinga yake ni rahisi mno.

Kuna wenye selimundu pia, ugonjwa wa damu wa kurithi unaoleta maumivu makali. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu. Kijana anafika usiku, mifupa inamuuma, anaitaja dawa inayomsaidia na dozi yake, maana ameugua tangu utotoni. Kule kuijua kwake dawa kunageuzwa ushahidi dhidi yake: watu wananong'ona kuwa ni teja. Daktari anaweza kuandika morfini, lakini muuguzi wa zamu asiyeamini maumivu yale ataichelewesha mpaka asubuhi. Ukimfundisha daktari peke yake, kijana huyu hujamsaidia.

Na wakati morfini inaogopwa hivyo, tramadoli inatolewa kama panadol. Wapo wanaoinunua bila cheti, na wapo wanaoandikiwa huku wakitumia dawa za sonona kama amitriptilini au fluoksetini, ilhali mchanganyiko huo unaweza kuleta degedege. Woga ule na uzembe huu vimezaliwa na kutojua kule kule.

Wenzetu Uganda walibadili sheria mwaka 2004 ili wauguzi na matabibu waliosomea huduma shufaa waweze kuandika morfini. Marekani msiba wa dawa hizi ulianzia kwingine kabisa, kwenye vyeti vilivyoandikwa ovyo. Mwaka 2021 pekee zaidi ya watu 80,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za jamii hii, nyingi zikiwa za magendo kufikia hapo. Huko mafunzo ya saa 8 kwa waandikaji wa dawa hizi yamekuwa ya lazima tangu Juni 2023. Sisi tunaweza kufundisha kabla ya msiba.

Uwezo upo. Tangu 2011 kliniki ya methadoni ya Muhimbili, inayotibu uraibu wa heroini, imekuwa ikitoa dawa ya jamii hii hii kila siku, kwa usimamizi, na haiwezi kuendeshwa na kada moja. Taasisi ya Saratani Ocean Road ina wataalamu wanaoifahamu morfini vizuri. Waandae somo la siku mbili, waanze na hospitali za rufaa za mikoa. Nasisitiza darasa litumie vyeti halisi vya hospitali husika, majina yakiwa yamefutwa, ili daktari amsikie mfamasia akisema kwa nini cheti kile kilimtia wasiwasi, na wote wamsikie muuguzi aliyekesha na mgonjwa.

Wasajili wa mabaraza haya matatu wako chini ya wizara yako. Waraka wa kuwataka wazitambue pointi za somo hili kwa pamoja hauhitaji kusubiri bajeti mpya. Naomba uwaite.

Wako katika kazi,
Muuguzi wa huduma shufaa